Asali Iliyolala Kwenye Bani

Asubuhi yangu ya kwanza nikiwa diwani, mtu wa kwanza kunigongea mlango alikuja akivuta mbuzi kwa kamba. Nilikuwa nimeamka mapema, nimevaa suti ile ile niliyoapia, nimekaa sebuleni nangoja historia ianze. Nikafungua mlango na lile tabasamu la kwenye mabango ya kampeni.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema yule mtu, ingawa tulikuwa rika moja na tulikaa dawati moja darasa la pili. "Huyu hapa ndiye mshtakiwa."

Mshtakiwa alikuwa anatafuna. Alikuwa amekula maharage ya watu, na mwenye mbuzi alikuwa amejifungia ndani kwake akikataa kutoka. Nilisimama pale kizingitini nikatoa maelezo marefu kuhusu sheria ndogo za halmashauri. Nilipomaliza, mlalamikaji alinitazama kwa huruma, akauliza, "Sasa nimfunge wapi?"

Tukamfunga kwenye mlimao wangu. Akaanza na majani ya chini. Ndivyo nilivyoingia katika utumishi wa umma.

Nawaandikia nyinyi ambao sasa mko kazini: mliochaguliwa juzi kukaa kwenye viti vya baraza, na nyinyi wa nyumba ya asali mnaoamka kabla ya jua kuwasha jiko la nta. Mara nyingi mmeniuliza ilikuwaje mtu aache siasa aende kwenye ndoo za asali. Nitawaambia. Habari za vyeo na mishahara mtazipata kwa wengine, wapo wanaozikumbuka vizuri kuliko mimi.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mama Tereza, mtendaji wa kata, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele ya kanisani. Nilipomsimulia habari ya mbuzi alicheka mpaka akavua miwani.

"Mheshimiwa, kosa si sheria ulizosema," akaniambia. "Kosa ulisimama. Mtu akikuletea shida yake, wewe kaa. Ukisimama anajua unataka aondoke. Ukikaa, mara nyingi ataimaliza mwenyewe kabla chai haijapoa."

Nikanunua viti vya plastiki nikavipanga barazani. Vile viti vilifanya kazi kubwa kuliko mimi. Ndugu waliogombea mpaka wa shamba walikaa pale wakitazamana, wakakumbuka mama yao, wakaondoka pamoja. Chombo changu kingine kilikuwa baiskeli, maana mchanga wa huku Usoke hauna heshima kwa gari la mtu yeyote. Vijana wanaogombea sasa huniuliza habari za spika na fulana. Mimi huwauliza kama wana pampu ya baiskeli.

Jambo lililonishinda katika miaka yangu yote ya udiwani lilikuwa msitu. Mnajua jinsi miombo inavyokuwa kabla ya mvua, inapotoa majani mapya mekundu, pori zima likawaka bila moto na nyuki wakaanza kuimba humo kutwa. Huo ndio msitu tuliokuwa tunaukata. Tumbaku haikauki yenyewe. Inataka bani, ile nyumba ndefu ya udongo yenye tanuri, na bani linataka kuni, na kuni zinatoka huko huko kwenye maua. Kila mwaka warina asali walitembea mbali zaidi kutundika mizinga yao, na wengi wao walikuwa ndio hao hao wenye mabani. Mtu alikata kwa mkono huu, akalalamika kwa mkono ule.

Niliitisha mkutano wa hadhara. Nilijiandaa vizuri. Nikasema msitu ni uhai, asali ni dhahabu, na kwamba mtu mwenye mizinga anaweza kuishi bila kugusa shoka. Watu walipiga makofi. Kisha akasimama Shija, mwenyekiti wa warina asali, mtu mfupi mwenye mabega mapana na masikio yaliyovimbishwa na nyuki tangu utoto.

"Mheshimiwa, umesema vizuri sana," akasema. "Asali tunayo. Mnunuzi unaye?"

Nikasema serikali inalishughulikia.

"Basi likishashughulikiwa utatuita," akasema Shija, akakaa. Makofi aliyopigiwa yeye yalikuwa marefu kuliko yangu.

Nilimtafuta huyo mnunuzi kwenye vikao, semina na makongamano. Nilikula biskuti za kila ofisi ya mkoa. Wanunuzi waliokuja walikuwa wale wa barabarani, wanaojaza chupa za soda wakiwa hawajazima pikipiki. Halafu zikaja kura za maoni ndani ya chama, na wanachama wakaamua, kwa wingi usio na utata, kwamba nipumzike.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyong'onyea. Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga.

"Pole, Baba Kulwa," akasema. "Sasa utakula chakula kikiwa cha moto."

Tukacheka mpaka ugali ukaungua. Naomba mniamini: nilipoamka kesho yake na kukuta hakuna mtu barazani, nilijisikia mwepesi kama kijana. Lakini lile swali la Shija lilikuwa limebaki. Nikapanda baiskeli nikaenda kwake.

"Nimekuletea mnunuzi," nikamwambia.

Akachungulia nyuma yangu. "Yuko wapi?"

"Ni mimi."

Shija alinizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Ulipokuwa na cheo sisi tulikuwa tunakuja kwako," akasema. "Leo umekuja mwenyewe kwa miguu yako."

"Kwa baiskeli."

"Baiskeli iache hapa. Kesho tunaingia porini. Mtu hanunui kitu asichokijua kinavyouma."

Siku yangu ya kwanza porini naikumbuka vizuri kuliko siku ya kuapishwa. Shija alinifundisha kufunga kienge cha magome kinachotoa moshi bila kutoa moto. Alinifundisha kupuliza taratibu, kusogea taratibu, kutosema lolote. Hili la mwisho ndilo lilikuwa gumu. Nilipopanda ngazi hadi kwenye mzinga wa kwanza, nyuki mmoja akaingia kwenye suruali, na diwani mstaafu akashuka ule mti mrefu wa mtundu bila kutumia ngazi. Warina asali walilala chini kwa kicheko. Jioni nilirudi nyumbani nikiwa na jicho moja, la pili limevimba, na sega lililojaa, asali yake nyepesi ya rangi ya chai, yenye harufu ya maua ya myombo. Mama Kulwa alilamba kidole, akafumba macho, akasema, "Kumbe ndiyo hii mliyokuwa mnaijadili?"

Mwalimu wangu wa pili aliitwa Pazi. Alikuwa na duka la ndoo na mizani Tabora mjini, na jamaa zake Dar es Salaam walikuwa wanapakia asali kwenye chupa za madukani. Pazi ni Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi. Msomaji wa mikoani hahitaji maelezo zaidi. Tangu enzi za misafara, babu zetu walipofika pwani na pembe za ndovu mabegani wakakaribishwa na babu zake, sisi ni watani. Mtani anakutukana mbele za watu na wewe unashukuru. Siku niliyoingia dukani kwake mara ya kwanza hata sikusalimia vizuri.

"Mnyamwezi!" akapaza sauti. "Umeleta mzigo? Weka chini, bega la babu yako lilishatuchosha."

"Nimefuata maji aliyoahidiwa babu yangu," nikamjibu. "Mlimpa ya chumvi."

Tukawa marafiki. Pazi ndiye aliyenifundisha biashara. Alinionyesha jinsi ya kuchuja kwa kitambaa bila kukamua, kupima maji yaliyomo kwenye asali, na kuiacha itulie ndani ya ndoo, imefunikwa kitambaa tu, mpaka povu lipande juu liondolewe. "Asali ni kama mtoto mchanga," alikuwa akisema. "Inanusa kila kitu na haisahau. Ndoo iliyowahi kubeba mafuta ya taa, au rangi, au sabuni, usiniletee." Akaahidi kwamba tukimpa mzigo mmoja safi wa msimu mzima, atachukua wetu kila mwaka. Ukija mchafu, basi, atarudi kununua kwingine.

Niliwapelekea warina asali maneno hayo jinsi yalivyo. Walisitasita. Walikuwa wamezoea kuuza kidogo kidogo barabarani, na hapa kuna mtu aliyewahi kuwaahidi mengi anawaambia wasiuze hata chupa, wakusanye asali yote pamoja. Shija ndiye aliyewashawishi. "Tumjaribu msimu mmoja," akasema. "Akitudanganya, kura za maoni hatunazo tena, lakini nyuki tunao."

Basi tukajiandaa. Kalunde, binti yake Shija, aliyekuwa ametoka kusomea ufugaji nyuki mjini, alikagua kila ndoo kwa pua yake. Ndoo zenye shaka zikageuka za kuchotea maji. Tulichuja, tukaacha kitambaa kifanye kazi yake, hatukukamua hata sega moja. Ilibaki sehemu ya kuweka asali itulie. Panatakiwa pakavu, pasiwe na sisimizi, pawe na joto la kiasi. Shija akasema, "Si lipo bani langu?"

Tukashangilia. Bani lilikuwa tupu, tumbaku ilishauzwa, sakafu imefagiwa. Lilikuwa kavu kuliko nyumba yoyote kijijini, na kuta zake zilihifadhi joto la mchana. Shija, kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji, aliweka ndoo zake ndani kabisa, karibu na tanuri, ili wenzake wapate nafasi mlangoni na wasipate taabu siku ya kupakia. Tukafunika kwa vitambaa vyeupe. Nikasimama pale nikizitazama zile ndoo zilivyojipanga kama wanakwaya, nikaona nimewahi kuwa na kata lakini sijawahi kuwa na kitu kizuri kama kile.

Pazi akaja na lori. Watu wote walikuwepo, wamevaa nguo za sikukuu. Akafungua ndoo ya ndani, akachovya kijiti, akalamba. Akasimama hivyo hivyo. Akachovya kingine.

"Mtani," akaniambia, na kijiji kizima kikasikia, "hii asali inalambwa au inavutwa?"

Nikalamba. Asali tamu. Shija akalamba. Tamu. Kalunde, mwenye pua iliyokagua ndoo zote, akalamba, akasema haoni kitu.

"Hamuoni!" Pazi akacheka mpaka akashika kiuno. "Mtaonaje? Hapa hata uji wenu una tumbaku. Mashati yenu tumbaku, vitanda vyenu tumbaku, mtoto akizaliwa huku anapiga chafya kwanza ndipo alie. Nyie Wanyamwezi mmetafuta nyumba nzima ya kuweka asali, mkachagua sigara!"

Angekuwa mnunuzi mwingine, maneno yale yangeleta fimbo. Lakini mtani hapigwi. Watu walianza kucheka kwa aibu, kisha kwa kweli, maana ilikuwa wazi: miaka na miaka moshi wa tumbaku ulikuwa umeingia kwenye udongo wa kuta zile, na ndoo zetu zilizofunikwa kitambaa zilikuwa zimelala humo zikiunywa. Tulikagua kila ndoo. Nyumba hakuna aliyeinusa.

Kicheko kilipokwisha watu wakageuka kulitazama lori. Nilijua maana yake. Lori likirudi tupu, warina asali watarudi barabarani na chupa za soda, mashoka yatarudi msituni, na mimi nitakuwa nimewaahidi mara ya pili. Shija alikuwa anatazama chini.

"Lakini hii ya mlangoni," Pazi akasema, sasa bila mzaha, akilamba ya ndoo nyingine, "naiona ina nafuu. Tatizo na mimi nimeshaharibika ulimi kwa hii ya ndani. Tafuteni pua ambazo hazijakaa na tumbaku. Watakachokipitisha nakichukua. Nawapa mpaka kesho kutwa."

"Pua zipo," akasema Mama Kulwa kutoka nyuma.

Mke wangu alizaliwa Kwihara, njia ile ile ya misafara, na dada yake, Mama Eliza, anaongoza kwaya ya akina mama huko. Wanalima mpunga na karanga. Tumbaku wanaiona kwenye lori ikipita. Akapiga simu pale pale. Asubuhi ya siku tuliyopewa, kwaya nzima ikashuka kwenye basi dogo la kukodi, wamevaa sare zao za kijani, wanaimba.

Tulitoa ndoo zote nje kwenye hewa, kila mtu akasimama kando ya zake. Akina mama wakapita mmoja mmoja, wakisukutua kwa maji ya uvuguvugu kila walipolamba. Wakiafikiana ni safi, wanapiga kigelegele. Wakiikataa, Mama Eliza anasema tu "Pole, baba," au "Pole, mama," na ndoo inasogezwa pembeni.

"Mama, usimtazame mwenye ndoo usoni!" Pazi alipiga kelele. "Utamwonea huruma! Tazama asali!"

"Wewe Mzaramo nyamaza, unaninyima pumzi," Mama Eliza akamjibu, na kijiji kikampigia makofi.

Vigelegele vikaanza. Ndoo za mlangoni zilipita moja baada ya nyingine. Za katikati, nyingine ndiyo, nyingine hapana. Mabega ya watu yakaanza kushuka, wakaanza kutaniana. Mpaka kwaya ikafika kwa Shija.

Pole, baba. Pole, baba. Pole, baba. Zote. Msimu wake wote, wa mtu aliyetupa bani lake bure na kujiweka nyuma ili wengine wapate nafasi. Ikabaki ndoo moja miguuni pake ambayo ilikuwa haijawahi kujazwa, tupu, nyeupe.

Shija akajaribu kucheka. "Basi mke wangu atapika pombe ya wanzuki," akasema. "Tutakunywa na kuvuta kwa pamoja."

Mimi nilikuwa na hotuba. Ilikuwa imeshafika kooni: kuhusu umoja, kuhusu kujitolea. Nikakumbuka ule mzinga wa kwanza na moshi unaopulizwa taratibu, nikaimeza. Nikakaa chini, kwenye mchanga, mbele ya watu wote.

Ndipo akatoka mtu mmoja wa kitongoji cha mbali, ambaye katika udiwani wangu wote nilikuwa nalichanganya jina lake na la kaka yake. Alichota bakuli la asali kutoka kwenye ndoo yake iliyopigiwa kigelegele, akavuka uwanja polepole ili isimwagike, akaimimina kwenye ndoo tupu ya Shija. Akarudi mahali pake. Akafuata mwingine. Akafuata mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Wakaja wote, kila mmoja na bakuli lake, na kwaya ya Kwihara, isiyojua la kufanya na vinywa vyao vitamu, ikaanza kuimba. Ndoo ya Shija ikajaa. Wakamletea nyingine.

Shija alisimama katikati yao, nyuki wawili watatu wakimzunguka kichwani kama kawaida. "Jamani," akasema. "Jamani, mtanimwagia miguuni."

Pazi alishika ile ndoo kwa mikono yake mwenyewe akaipandisha kwenye lori. "Nyie Wanyamwezi," akasema huku akijifuta macho kwa mkono wa shati, "hamjui kuchagua nyumba. Haya mengine mnayajua."

Ile wanzuki aliyopika mke wa Shija, nawaambia ukweli, ilitupigisha chafya wiki nzima. Mwaka uliofuata tulijenga nyumba ya asali ya matofali, mbali na mabani. Shija mwenyewe alichagua kiwanja, na kabla ya kuchimba msingi akaita mwanakwaya mmoja kutoka Kwihara aje anuse udongo. Akageuza bani lake kuwa banda la kuku. Wengine wakamfuata, si wote, na si mara moja, lakini njia ya kwenda kwenye mizinga imekuwa fupi. Siku hizi mrina asali anatoka asubuhi na anakula mchana nyumbani.

Mwezi uliopita nilistaafu kazi ya nyumba ya asali, na safari hii nimejipumzisha mwenyewe. Kalunde ndiye mkuu wa nyumba sasa. Nilikwenda siku yake ya kwanza, nikakaa chumba cha ndani juu ya magunia ya nta, mlango umefunguliwa kidogo. Niliogopa. Nilijiambia watu watauliza, Mheshimiwa yuko wapi, bila yeye hatuachi asali yetu. Nilikuwa tayari kutoka niwatulize.

Warina asali wakaja. Nikasikia baiskeli zikiegemezwa, ndoo zikitua.

"Mwangaluka," akasalimia mmoja.

"Mwangaluka, baba," akaitikia Kalunde. "Leta hiyo ya kwanza. Umeiweka wapi usiku?"

"Jikoni, mama. Lakini mbali na moshi."

"Ngoja niinuse."

Wakapimiwa, wakataniana, wakaondoka wakizungumza habari za mvua. Wote walipita, mpaka wa mwisho, na hakuna hata mmoja aliyeuliza niko wapi. Nilikaa pale juu ya nta, peke yangu, nikicheka kwa sauti ya chini nisije nikamshtua Kalunde.